Wokovu wa wasio Wakristo kadiri ya Kanisa Katoliki

Wokovu wa wasio Wakristo ni suala la teolojia kuhusu uwezekano wa watu wasiobatizwa kufikia uzima wa milele. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba uwezekano huo upo, lakini kwamba kila anayeokoka anaokolewa na Yesu Kristo, hata kama hakuwahi kusikia jina lake.

Ugumu unatokana na Biblia yenyewe: Mungu anataka watu wote waokolewe (1 Tim 2:4), lakini pia bila kuzaliwa kwa maji na Roho mtu hawezi kuingia katika ufalme wake (Yoh 3:5).

Katika karne ya 3, Sipriani, askofu wa Karthago, alisisitiza kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Mara nyingi inasahaulika kwamba alikuwa akibishana juu ya Wakristo waliojitenga, si juu ya watu ambao hawajahubiriwa Injili. Hata hivyo, mwaka 1442 Mtaguso wa Firenze uliwataja waziwazi Wapagani na Wayahudi, pamoja na wazushi na waliofarakana, kuwa watapotea wasipojiunga na Kanisa kabla ya kufa. Wakati huo Wazungu wengi walidhani Injili imeshafika karibu kila mahali. Miaka 50 baadaye Kristoforo Kolumbus alifika Amerika, na wanateolojia wakakabili swali zito: je, watu walioishi huko kwa karne nyingi walihukumiwa kwa kutoamini ujumbe ambao hakuna aliyewapelekea?

Jibu lilikuja polepole. Mtaguso wa Trento ulikiri mwaka 1547 kwamba hamu ya ubatizo inaweza kushika nafasi yake. Mwaka 1863 Papa Pius IX aliandika kwamba wasioijua imani bila kosa lao, wakifuata sheria ya maumbile iliyoandikwa mioyoni, wanaweza kupata uzima wa milele kwa neema ya Mungu.

Si wote waliokubali. Huko Boston, Marekani, padri Leonard Feeney alishikilia kwamba asiyebatizwa kwa maji hawezi kuokoka. Roma ilimkanusha kwa barua ya mwaka 1949, na mwaka 1953 alitengwa kwa sababu ya kutotii. Hivyo mtetezi mkali wa msemo huo alijikuta mwenyewe nje ya Kanisa, hadi alipopatanishwa nalo mwaka 1972.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Lumen Gentium (1964), namba 16, uliwataja Wayahudi, Waislamu, wanaomtafuta Mungu wasiyemjua, na hata wale ambao bila kosa lao hawajafikia kumkiri. Lakini namba 14 inaonya kwamba anayejua kuwa Kanisa ni la lazima, akakataa kuingia au kudumu ndani yake, hawezi kuokoka.

Karl Rahner aliwaita watu wa namna hiyo Wakristo wasiojitambua. Wengine walipinga jina hilo, kwa kuwa Mwislamu au Mbuddha hajaomba kuitwa Mkristo. Mwaka 2000 hati Dominus Iesus ilikataa wazo la kwamba dini zote ni njia sawa za wokovu, bila kufuta tumaini kwa wafuasi wake.