Maneji na mine

Mtoto akipanda maneji, anasafiri ao anacheza? Sisi watu wa mine tunaweza kujibu, sababu mashini ile ilitokea pia kwetu.

Ku Mauch Chunk, Pennsylvania, inchi ya Marekani, reli ilijengwa mwaka 1827 ya kushusha makala ya mawe toka Summit Hill. Hakukuwa injini: wagoni zilitelemuka kwa uzito wao tu. Nyumbu pia walikuwa na wagoni yao ya kushukia, kiisha wakavuta zile tupu kurudia juu. (Inasemwa walizoea vile, hata wakakataa kushuka kwa miguu!)

Watu wakaanza kulipa ili waonje mbio ile. Miaka ya 1870 makala ikapata njia ingine, reli ikabakia ya kutembeza wageni. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson akafungua ya kwake ku Coney Island, New York: senti 5.

Kwa hiyo, kwetu, mbio haifanye transporti. Inatosha kuuliza kama mwenye kupanda iko na fasi ya kufika. Mtoto akiogopa maneji, anabakia chini, bilauri ya jus mukononi. Baba yake, mbele ya kaji ya mine asubui, anaingia tu.