Baisikeli Katika Njia Panda



Asubuhi moja tulisimama na wanafunzi wetu wa ualimu penye njia panda ya mjini, saa ya watu kwenda kazini. Baisikeli zilikuja mbili tatu, zikawa kundi. Mtu mmoja mwenye gunia la mkaa alitaka kupinda kulia; alisimama katikati, na wote waliokuwa nyuma yake wakakwama. Mwanafunzi mmoja akasema, “Baisikeli ni nyingi mno.” Sisi twaona shida si wingi peke yake, bali ni utaratibu.

Taa nyekundu huwakusanya waliokuwa wametawanyika. Ikiwaka ya kijani, hawaondoki pamoja, kwa maana kila mmoja humngoja aliye mbele yake. Tena baisikeli haitulii mpaka ipate mwendo. Hapo mwanzo huyumba na kutaka nafasi. Akiwapo mmoja anayepinda mbele ya wenziwe, huwa kama gogo lililoziba mto.

Katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, ambako watu wengi sana huenda kazini kwa baisikeli, dawa zimepatikana. Huko vyombo hupita upande wa kulia, na sheria humkataza mpanda baisikeli kupinda kushoto kwa mara moja. Yampasa avuke kwanza moja kwa moja hata pembe ya ng’ambo, asimame, kisha avuke mara ya pili njia iwapo wazi. Nasi tupitao kushoto twaweza kufanya vivyo hivyo tupindapo kulia.

Dawa ya pili ni taa. Katika miaka ya 2000 taa za barabara ya Nørrebrogade zilipangwa zifuatane, hata aendaye kilomita 20 kwa saa akute kijani baada ya kijani, asubuhi akiingia mjini na jioni akitoka. Asiyesimamishwa hafanyi kundi.

Dawa ya tatu ni ya kuokoa uhai. Katika njia panda nyingi za mji ule, mstari wa kusimamia magari umewekwa meta 5 nyuma ya ule wa baisikeli, ili dereva awaone walio mbele yake. Dereva wa lori hukaa juu, na aliye karibu na ubavu wa lori huenda asimwone kabisa. Lori likipinda, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, na aliye pale hana pa kukimbilia.

Taa na mistari ni kazi ya wakuu wa mji. Walakini mambo matatu yamo mikononi mwetu: tusijipenyeze ubavuni mwa lori, tuonyeshe mkono kabla ya kupinda, tupinde kulia kwa kuvuka mara mbili. Twawafundisha watoto wetu kusoma saa na ramani. Basi na tuwafundishe na haya, kabla hatujawapa baisikeli ya kwendea shule.