DAWA INAYOKAA NDANI YA JICHO

Mkulima anajua jambo hili. Ukimwagia mche ndoo nzima mara moja, maji mengi hupotea. Lakini ukiweka kando yake mtungi wenye tundu dogo, maji hudondoka polepole, na mche hunywa kwa siku nyingi. Wataalamu wa macho walitumia njia kama hiyo.

Dawa ya matone haikai jichoni. Machozi huiosha baada ya dakika chache. Tena haifiki vizuri nyuma ya jicho, mahali panapopokea picha ya vitu tunavyoviona.

Katika miaka ya 1980, huko Marekani na Ulaya, wagonjwa wengi wa Ukimwi walianza kupofuka. Mwili ukikosa kinga, virusi viitwavyo saitomegalo huweza kuharibu nyuma ya jicho. Dawa yake ni gansikloviri. Wakati ule mgonjwa alitiwa dawa hiyo kila siku kwa mrija, katika mshipa wa damu.

Mwaka 1996 Marekani iliruhusu kidonge kidogo cha dawa hiyo, kilichofunikwa kwa plastiki. Daktari alipasua jicho kidogo, akakishona ndani. Dawa ilitoka kidogo kidogo kwa muda wa miezi 5 hadi 8.

Hata hivyo, kidonge kililinda jicho moja tu. Virusi viliweza kushambulia jicho la pili au sehemu nyingine za mwili. Baadaye dawa za kupunguza makali ya VVU zilienea, zikarudisha kinga ya mwili. Wagonjwa wa jicho wakapungua sana. Kidonge kile hakitengenezwi tena. Siku hizi ipo dawa ya kumeza.

Je, sisi tufanye nini?

1. Tupime VVU mapema. Anayetumia dawa azimeze kila siku bila kuacha.

2. Ukiona vidoa vyeusi vinavyoelea, vimulimuli au ukungu, nenda hospitali upesi, hata kama jicho haliumi. Ugonjwa huu hauna maumivu.

3. Usitie jichoni dawa ya jirani wala maji ya majani. Dawa iliyomponya yeye yaweza kukupofusha wewe.

Kumbuka: sehemu ya jicho iliyokwisha kufa haifufuki. Dawa huzuia tu ugonjwa usiendelee. Basi usingoje mche ukauke ndipo utafute maji.