Jina kwenye Makala ya Utafiti ni Haki na Dhamana: Wajibu wa Waandishi katika Majarida ya Kitaaluma

Matokeo ya utafiti yanayochapishwa katika majarida ya kitaaluma hutumika kuamua mambo mengi yanayogusa maisha ya wananchi, zikiwemo dawa zinazotolewa hospitalini, mbegu zinazopendekezwa kwa wakulima na hatua za kukabiliana na milipuko ya magonjwa. Kwa sababu hiyo, orodha ya majina yaliyo chini ya kichwa cha makala si pambo. Ni tamko la nani alifanya kazi hiyo na nani atakayeulizwa iwapo itabainika kuwa na kasoro.

Katika vyuo vikuu na taasisi za utafiti, machapisho ni miongoni mwa vigezo vya kupandishwa cheo na kupata ufadhili. Mazingira hayo huongeza ushindani wa kuandikwa jina, na ndipo huzuka migogoro ya aina mbili: waliofanya kazi kuachwa, na wasiofanya kazi kuingizwa.

Vigezo vinne vya kuitwa mwandishi

Mwongozo unaotumika zaidi duniani, hususan katika sayansi za afya, ni ule wa Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba (ICMJE). Chimbuko la kamati hiyo ni mkutano wa wahariri uliofanyika Vancouver, Canada, mwaka 1978. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mtu huhesabiwa kuwa mwandishi iwapo ametimiza masharti manne kwa pamoja:

1. Awe ametoa mchango wa msingi katika kubuni au kuandaa utafiti, au katika kukusanya, kuchambua au kufasiri takwimu zake.
2. Awe ameshiriki kuandika rasimu au kuipitia kwa kina na kuboresha maudhui yake ya kitaalamu.
3. Awe ameidhinisha toleo la mwisho kabla ya kuchapishwa.
4. Awe amekubali kuwajibika kwa kazi yote, na kuhakikisha kuwa swali lolote kuhusu usahihi au uadilifu wake linachunguzwa na kupatiwa jibu.

Sharti la nne liliongezwa mwaka 2013 ili kuweka wazi kwamba sifa na wajibu haviwezi kutenganishwa. Kutafuta fedha za mradi, kuongoza idara au kutoa maabara peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Mchango wa namna hiyo hutajwa katika sehemu ya shukrani.

Hata hivyo, vigezo hivyo havikuwekwa ili kuwaengua waliofanya kazi. Mwongozo unaelekeza kuwa kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika, kupitia na kuidhinisha makala. Kiongozi wa mradi anayemnyima mtafiti chipukizi rasimu, kisha akadai kuwa hakushiriki kuiandika, anakwenda kinyume na mwongozo huo.

Mfano wa Mpemba na Osborne

Tanzania ina mfano mzuri wa haki kutendeka katika jambo hili. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alibaini wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba maziwa aliyoyaingiza kwenye jokofu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyokwisha kupoa. Mwalimu wake hakukubaliana naye. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa Mkwawa mkoani Iringa, alimuuliza swali hilo Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyefika shuleni hapo. Wanafunzi wenzake walimcheka, lakini mhadhiri huyo alilichukua swali na kwenda kulifanyia majaribio.

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha makala yenye majina mawili, la Mpemba likitangulia. Mpemba alieleza kwa maneno yake namna alivyoligundua jambo hilo, naye Osborne akaeleza majaribio yaliyofanyika chuoni. Wanafizikia wanaendelea kulijadili suala hilo hadi leo, lakini linajulikana duniani kote kwa jina la Mpemba. Ingekuwa rahisi kwa mhadhiri kuchapisha majaribio yake peke yake na kumshukuru mwanafunzi asiyetajwa jina. Badala yake, aliyeuliza swali na kufanya uchunguzi wa kwanza alipewa nafasi ya kuandika, na kwa hiyo akawa mwandishi kwa haki.

Jina la hisani na madhara yake

Kinyume cha haki hiyo ni jina la hisani, yaani kumwingiza mkubwa wa kazi au rafiki asiyeshiriki kwa lengo la kumpa heshima au kuipa makala uzito. Mwaka 1994, jarida la Uingereza la masuala ya uzazi lilichapisha taarifa ya daktari Malcolm Pearce wa London, aliyedai kuhamisha mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na mtoto kuzaliwa salama. Uchunguzi ulibaini kuwa mgonjwa huyo hakuwepo. Mwandishi mwenza alikuwa Geoffrey Chamberlain, mhariri mkuu wa jarida hilohilo na rais wa chuo cha kitaifa cha madaktari wa uzazi. Ilidhihirika kuwa hakuwa ameshiriki katika kazi hiyo. Pearce alifutwa katika rejista ya madaktari mwaka 1995, na Chamberlain aliachia nyadhifa zake. Hakutunga uongo huo, lakini jina lake lilikuwa limeudhamini.

Kuwajibika kwa takwimu

Athari za waandishi kutohakiki kazi wanayoitia majina zilionekana tena wakati wa janga la UVIKO-19. Tarehe 22 Mei, 2020, jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchambua taarifa za wagonjwa wapatao 96,000 kutoka hospitali 671, na kuhusisha dawa ya haidroksiklorokwini na ongezeko la vifo. Siku tatu baadaye, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kusitisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Wanasayansi walipohoji takwimu hizo, kampuni ya Surgisphere iliyozitoa haikukubali kuzikabidhi zote kwa wakaguzi huru. Waandishi watatu kati ya wanne waliomba makala iondolewe kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha ukweli wake, na iliondolewa tarehe 4 Juni, 2020. WHO ilikuwa imetangaza kuendelea na majaribio siku moja kabla. Baada ya tukio hilo, jarida hilo liliweka sharti kwamba zaidi ya mwandishi mmoja awe ameziona na kuzihakiki takwimu za msingi.

Hoja ya kuwajibika ndiyo pia iliyoamua nafasi ya akili unde. Mwaka 2023, ICMJE na Kamati ya Maadili ya Uchapishaji (COPE), iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, zilieleza kuwa programu za kuandika haziwezi kuorodheshwa kama waandishi kwa sababu haziwezi kujibu kwa kazi iliyofanyika. Mtafiti anayezitumia anapaswa kueleza wazi, na kosa lolote litakalotokea linabaki kuwa lake.

Sheria na taratibu nchini

Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa kazi ya maandishi, ikiwemo haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi. Sheria hiyo hulinda maandishi, si wazo lenyewe. Hivyo mtu aliyetoa wazo au kukusanya takwimu anategemea zaidi maadili ya taaluma na kanuni za taasisi yake. Vilevile, utafiti wa afya hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kwa kibali cha maadili, na matokeo yake huombewa ruhusa kabla ya kuchapishwa.

Suala hili lina uzito zaidi pale watafiti wa ndani wanaposhirikiana na taasisi za nje. Mkutano wa Dunia wa Uadilifu wa Utafiti uliofanyika Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 2022 ulizaa Tamko la Cape Town, linalosisitiza usawa katika ushirikiano wa namna hiyo tangu utafiti unapobuniwa hadi unapochapishwa.

Hatua za kuchukua

Ili kuepuka migogoro, watafiti wanashauriwa kukubaliana kwa maandishi mwanzoni mwa mradi kuhusu majukumu ya kila mmoja na mpangilio wa majina, na kuyapitia makubaliano hayo kazi inapobadilika. Orodha ya waandishi ikibadilishwa baada ya makala kuwasilishwa, majarida hudai maelezo ya sababu na saini za waandishi wote, akiwemo anayeondolewa.

Mtafiti au mwanafunzi anayeona ameachwa isivyo haki anapaswa kutunza kumbukumbu za kazi yake, ikiwemo madaftari ya maabara, rasimu zenye tarehe na mawasiliano ya barua pepe, na kuwasilisha suala lake katika chuo au taasisi ambako utafiti ulifanyika. Kwa mujibu wa mwongozo wa ICMJE, si kazi ya mhariri wa jarida kuamua nani ni mwandishi. Jukumu hilo ni la waandishi wenyewe, na wakishindwa kuelewana, ni la taasisi.

Kwa mwananchi anayesoma taarifa kuwa utafiti umebaini jambo fulani, majina yaliyo juu ya makala ndiyo dhamana ya kwanza kwamba kuna mtu aliyeiona kazi hiyo, akaihakiki na kukubali kuulizwa.