Pesa Imekatwa, Tokeni Hazijaingia: Usikimbilie Kulipa Tena

Umenunua tokeni za stima za shilingi 500 kwa Paybill 888880. Ujumbe wa malipo umeingia, lakini tokeni hakuna. Dakika tano, dakika kumi, kimya. Ukiwa Kitengela mjini au ndani kabisa Kajiado, hapo wengi hufanya kitu kimoja: wanalipa tena. Leo tunakueleza kwa nini haraka hiyo inaweza kukukata pesa mara mbili, na la kufanya badala yake.

Mhudumu na mpishi

Malipo ya mtandaoni hupitia angalau mashine mbili. Kuna seva ya mbele, inayopokea ombi lako na kukurudishia jibu. Nyuma yake kuna seva ya kazi, inayokagua nambari ya mita, kuandika malipo na kutoa tokeni.

Fikiria hoteli ya nyama choma kando ya barabara ya Namanga. Mhudumu anachukua oda, mpishi yuko jikoni na wewe humwoni. Mhudumu akirudi mikono mitupu, haimaanishi nyama haiko motoni.

Ukilipia kwenye tovuti, nambari zile za ajabu husema hivi:

- 502: mhudumu amefika jikoni, akapata jibu lisiloeleweka.
- 503: jikoni kumejaa oda, au kumefungwa kwa muda.
- 504: mhudumu amengoja mpaka muda wake ukaisha.

Hiyo 504 ndiyo ya kuangalia sana, kwa sababu huenda mpishi bado anapika. Ukiagiza tena, zitakuja sahani mbili, na zote utalipia.

Mafundi wanatafuta nini?

Huanza na maswali rahisi. Seva ya kazi iko hai? Njia kati yake na seva ya mbele iko wazi, au imezibwa na ukuta wa usalama? Foleni imejaa? Au seva ya mbele inakata tamaa mapema, kabla kazi haijaisha? Kisha wanafungua kumbukumbu za mashine zote mbili na kuzilinganisha dakika kwa dakika. Ndiyo maana huwa tunakuuliza saa uliyolipa na nambari ya muamala. Bila hizo, kulipata ombi lako ni kama kutafuta mbuzi wako sokoni Bissil bila kujua alama yake.

Wakenya wengi waliliona jambo hili mwishoni mwa Julai 2023, mfumo wa eCitizen uliposhambuliwa. Serikali ilieleza kwamba washambuliaji waliujaza mfumo kwa maombi mengi kupita kawaida, na kwamba hakuna data iliyopotea. Kwa maneno mengine, jiko halikuungua, ila mlango ulizibwa. Hata hivyo huduma zilikwama, na ununuzi wa tokeni ukatatizika pia.

Kabla hujalipa mara ya pili

1. Angalia ujumbe wa malipo na salio lako. Kilichoandikwa kwenye skrini ya tovuti si ushahidi, salio ndilo ushahidi.
2. Pesa haijatoka? Pumzika kidogo, kisha jaribu tena.
3. Pesa imetoka? Usirudie. Hakikisha nambari ya mita uliyoandika ni sahihi, kisha piga *977# ya Kenya Power uulizie tokeni zako.
4. Bado kimya? Ripoti kwa huduma kwa wateja ukiwa na nambari ya muamala, saa na kiasi.
5. Nunua tokeni ukiwa bado na yuniti chache kwenye mita. Aliye gizani hana subira, na hapo ndipo watu hulipa mara mbili.

Kwa wewe unayeuza, iwe ni mifugo, mboga au simu, usiachilie mali kwa sababu mnunuzi amekuonyesha skrini yake. Lakini pia usimwambie alipe tena kabla hujaangalia akaunti yako mwenyewe. Malipo yakichelewa, mara nyingi nyote wawili mnasema ukweli.

Na siku mtandao umegoma, matapeli huwa kazini. Akikupigia mtu akidai "anasukuma" malipo yako yaliyokwama, kisha aombe PIN, kata simu. Hakuna fundi anayehitaji PIN yako kurekebisha seva.