Taa mbovu, mchanga laini: Hatari mbili katika kizimba cha mjusi ndevu

Na Mwandishi Wetu

MZAZI wa Afrika Mashariki aliyehamia London, Toronto au Minneapolis huweza kupigwa na butwaa siku mtoto wake anaporudi kutoka shuleni akiomba anunuliwe mjusi. Huyo si mjusi wa plastiki. Ni mnyama hai mwenye urefu wa sentimita 45 hadi 60 mkia ukihesabiwa, ambaye hula panzi, nyenje na majani mabichi, na ambaye akitunzwa vema huishi miaka 10 au zaidi. Katika nchi hizo mnyama huyo amekuwa miongoni mwa watambaao wanaofugwa sana majumbani, na huuzwa madukani kama wauzwavyo samaki wa mapambo.

Wataalamu humwita Pogona vitticeps. Chini ya kidevu ana ngozi yenye miiba laini ambayo huitunisha na kuigeuza nyeusi anapotishwa au anapotaka kumtisha mwenzake, na ndiyo maana wazungumzaji wa Kiingereza wamempa jina la joka mwenye ndevu. Jina hilo ni kubwa kuliko tabia yake, kwa kuwa ni mnyama mpole. Katika makala haya tutamwita mjusi ndevu.

Asili yake ni nyanda kame za ndani ya mashariki mwa Australia. Sheria ya nchi hiyo hairuhusu reptilia wa asili kusafirishwa nje wakiwa hai kwa biashara, hivyo wanaouzwa Ulaya na Marekani ni uzao wa mijusi waliozalishwa vizimbani kwa vizazi vingi. Hata hivyo, vizazi hivyo havikuubadilisha mwili wake. Mifupa, macho na ngozi yake bado vinadai jua la Australia, na hapo ndipo matatizo ya wafugaji wengi yanapoanzia.

Msomaji aliyeko Mwanza au aliyepata kutembelea Serengeti anamfahamu binamu yake pasipo kujua. Yule mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, anayeota jua juu ya mawe makubwa asubuhi, ni wa familia hiyohiyo ya Agamidae, na jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na Mwanza. Ukimtazama utaona anavyojilaza juu ya jiwe hadi apate joto, kisha anakwenda kuwinda, halafu anajificha kivulini. Mjusi ndevu huishi vivyo hivyo. Kizimba kizuri ni kile kinachompa nafasi ya kufanya mambo hayo yote ndani ya kasha lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60, vipimo ambavyo wafugaji wenye uzoefu huvihesabu kuwa vya chini kabisa kwa mjusi aliyekomaa.

Tuanze na taa, kwa kuwa kosa la taa huonekana baada ya miezi kadhaa, na linapoonekana mara nyingi mifupa imekwisha kuharibika.

Mwanga wa jua una mionzi ambayo jicho la binadamu haliioni, iitwayo urujuanimno. Sehemu ya mionzi hiyo yenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 280 na 315 hujulikana kwa herufi UVB. Inapoigusa ngozi huanzisha utengenezaji wa vitamini D3, na kazi hiyo hukamilishwa na joto la mwili, kisha ini na figo. Pasipo vitamini hiyo, utumbo haufyonzi madini ya kalsiamu ipasavyo hata kama chakula kimejaa madini hayo. Mwili unapoyakosa huyachukua kutoka katika mifupa. Taya hulainika, miguu hupinda, vidole hutetemeka, na mwishowe mnyama huvunjika mfupa kwa kuruka tu kutoka juu ya gogo. Wazazi wetu wanaufahamu ugonjwa wa namna hii kwa watoto wachanga wasiopata jua, nao huuita matege.

Wapo wauzaji wanaosema kwamba unga wa vitamini unaonyunyizwa juu ya nyenje unatosha. Utafiti juu ya mijusi ndevu wachanga uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha vingine. Waliomulikwa kwa taa za UVB walikuwa na kiwango cha vitamini D katika damu kilichowazidi mno wale waliolishwa vitamini hiyo kwa mdomo. Unga wa kalsiamu bado unahitajika katika chakula, lakini haushiki nafasi ya taa.

Taa gani basi? Dukani mnunuzi hukuta aina mbili kuu za taa za UVB, yaani globu fupi iliyosokotwa kama chemchemi na taa ndefu ya tyubu. Globu ni rahisi kwa bei na hupachikwa popote, ndiyo maana hununuliwa sana. Tatizo lake ni kwamba humulika eneo dogo, na nguvu ya mionzi hupungua haraka kadiri mjusi anavyokwenda mbali nayo. Isitoshe, katika miaka ya 2000 baadhi ya globu za aina hiyo ziligundulika kutoa mionzi mikali mno ya mawimbi mafupi, na mijusi kadhaa ilivimba macho na kugoma kula. Zilizopo sokoni leo zimerekebishwa, lakini kwa mnyama anayetoka katika nchi ya jua kali, tyubu nyembamba ya aina ya T5 yenye nguvu ya asilimia 10 hadi 12 ya UVB ndiyo inayopendekezwa zaidi. Urefu wake uwe nusu ya kizimba au zaidi kidogo, nayo iwekwe upande uleule wa taa ya joto, ili mjusi apate joto na mionzi kwa pamoja kama anavyoipata juani. Upande wa pili uachwe na kivuli, kwa sababu mnyama lazima awe na uhuru wa kuikimbia mionzi hiyo anapotosheka.

Kuna mambo matatu ambayo mwongozo ulioandikwa juu ya boksi hauyasisitizi vya kutosha. Kwanza, kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote, kwa hiyo mjusi aliyewekwa dirishani haoti jua bali anapashwa moto tu, na huenda akapikika. Pili, wavu wa kifuniko hula sehemu kubwa ya mionzi, pengine theluthi moja au hata nusu, kutegemea ufinyu wa matundu yake. Tatu, taa huendelea kung'aa baada ya UVB yake kufifia, hivyo mwenye mjusi hudhani mambo ni shwari kumbe anamulika kizimba kwa mwanga mtupu. Tyubu nyingi hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miezi 12, na globu fupi mapema zaidi.

Njia ya uhakika ni kipimo cha mkononi kinachosoma kiwango cha mionzi, kilekile ambacho watabiri wa hali ya hewa hukitaja wanapowaonya watu juu ya jua kali. Mjusi ndevu anapokuwa mahali pake pa kuota, mgongoni kwake panafaa pasome kati ya 3 na 6. Kwa kulinganisha, jijini Dar es Salaam saa sita mchana, anga likiwa safi, kipimo hicho hupita 10 katika miezi mingi ya mwaka. Kifaa hicho si cha bei ya chini. Asiye nacho huweza kufuata umbali uliotajwa na mtengenezaji wa taa, ambao kwa tyubu za T5 mara nyingi huwa kati ya sentimita 30 na 45 kutoka mgongoni mwa mnyama, akizingatia kama kuna wavu katikati au la. Taa imulike kutoka juu, kamwe isitoke ubavuni. Paji la mjusi limechomoza juu ya macho ili kuyakinga na jua la utosini, wala halina kinga dhidi ya mwanga unaomjia usoni.

Taa ya joto ni jambo jingine kabisa, ingawa wengi huzichanganya. Globu ya halojeni yenye mwanga mweupe hufanya kazi hiyo vema. Jiwe au gogo lililo chini yake lifikie joto la nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa baridi ubaki kati ya 22 na 27. Usiku joto likishuka hadi nyuzi 18 hakuna dhara, kwa sababu jangwani nako usiku huwa baridi. Taa zizimwe kabisa usiku. Zile globu nyekundu zinazotangazwa kuwa hazimsumbui mnyama usingizini ni biashara tu, kwani mjusi anaiona rangi nyekundu waziwazi, na juu ya kichwa chake ana kiungo kidogo, wengine hukiita jicho la tatu, kinachohisi mwanga. Saa 12 hadi 14 za mwanga kwa siku zinatosha, na saa ya kujizima yenyewe humwondolea mwenye nyumba kazi ya kukumbuka.

Mawe ya umeme yanayopashwa moto kutoka ndani yaepukwe. Mnyama huyu kwa maumbile hutafuta joto linalotoka juu, na anapolala juu ya jiwe lenye hitilafu huungua tumbo bila kuondoka mapema.

Sasa sakafu. Hapa pana ubishi mkali, na kila upande una hoja.

Picha za matangazo humwonyesha mjusi ndevu juu ya mchanga mlaini wa rangi ya dhahabu, kana kwamba Australia yote ni ufuko wa bahari. Ukweli ni kwamba ardhi ya kwao sehemu kubwa ni udongo mwekundu uliochanganyika na mfinyanzi na mchanga, ulioshikamana ukawa mgumu kwa jua, wenye mawe, vichaka na magogo. Isitoshe, mjusi huyu hupenda kupanda, na huonekana mara nyingi juu ya nguzo za uzio. Mchanga mtupu unaotiririka chini ya miguu si makazi yake.

Hatari inayotajwa zaidi ni kuziba kwa utumbo. Mjusi hudaka mdudu kwa ulimi unaonata, na pamoja na mdudu hubeba chembe za chini. Mjusi mwenye afya, anayepata joto la kutosha na maji, kwa kawaida huzitoa chembe hizo pamoja na choo. Asiyepata joto husaga chakula polepole, na mwenye upungufu wa kalsiamu ana misuli dhaifu ya utumbo, hivyo mchanga hujikusanya hadi kuziba. Kwa maneno mengine, mara nyingi sakafu hulaumiwa kwa kosa lililoanzia kwenye taa. Hata hivyo, mfugaji anayeanza, ambaye bado hajawa na uhakika wa taa zake, hana sababu ya kubahatisha.

Mbaya kuliko wote ni ule unaouzwa kwa jina la mchanga wa kalsiamu, unaosifiwa kwamba mnyama akiumeza utayeyuka. Ladha yake humshawishi aule kwa makusudi, na ukilowa huganda. Maganda ya njugu yaliyosagwa nayo yana ncha kali zinazochana utumbo, na randa za mti wa mwerezi zina mafuta yanayodhuru mapafu. Vitu hivyo visiingie kizimbani kwa hali yoyote.

Kwa mjusi mchanga, mgonjwa au aliyenunuliwa karibuni, sakafu bora ni karatasi za jikoni au, tuseme bila kujipendelea, gazeti la jana. Ni rahisi, hubadilishwa kila siku, na huonyesha choo kama kilivyo, jambo linalomsaidia daktari wa mifugo kutambua minyoo mapema. Kasoro yake ni utelezi, tena haimpi mnyama nafasi ya kuchimba.

Akishakomaa, vigae vya sakafuni vyenye uso uliokwaruza humfaa sana. Hupunguza kucha, hupitisha joto na huoshwa kwa urahisi. Vigae vinavyong'aa viachwe dukani, kwa kuwa mnyama anayeteleza kila siku huumia viungo. Mazulia yanayouzwa kwa ajili ya reptilia hunasa kucha na kuhifadhi uchafu katika nyuzi zake, nami sioni faida yake mbele ya kigae.

Mfugaji mwenye uzoefu, ambaye taa zake zimepimwa na mjusi wake ni mzima, huweza kwenda mbele zaidi na kutandaza udongo. Mchanganyiko unaotumiwa sana ni sehemu mbili za udongo usio na mbolea wala dawa kwa sehemu moja ya mchanga uliooshwa, unaolowanishwa, kushindiliwa na kuachwa ukauke hadi ushikamane. Kina cha sentimita 10 au zaidi humwezesha mnyama kuchimba, na kwa jike mwenye mayai hilo ni hitaji kubwa, kwani hutaga hata kama hakukutana na dume, naye akikosa pa kuchimba huweza kuyazuia mayai tumboni hadi akaugua.

Sakafu yoyote itakayochaguliwa inahusu afya ya watu wa nyumbani pia. Mijusi wengi hubeba bakteria wa salmonela katika choo chao bila wao wenyewe kuugua. Nchini Marekani, mlipuko wa salmonela uliohusishwa na mijusi ndevu kati ya mwaka 2012 na 2014 uliwapata watu zaidi ya 130 katika majimbo zaidi ya 30, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wenye umri wa miaka mitano au chini yake. Choo kiondolewe siku hiyohiyo, vyombo vya kizimba visioshwe katika sinki la jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika mnyama. Katika nyumba yenye mtoto mchanga, ombi la mjusi linafaa lisubiri.

Anayeamua kununua na ajenge kizimba kwanza, mnyama afuate baadaye. Taa ziwashwe siku tatu au nne kizimba kikiwa kitupu, vipimajoto viwili vikiwa kila kimoja upande wake, na joto liandikwe asubuhi, mchana na usiku.