Kamera Ndogo ya Mtumba: Ipeleke Juani Kwanza

Muuzaji wa kamera za mtumba mjini Kitale akitaka kukuhakikishia kwamba shata bado ni nzima, atabonyeza kitufe akuambie, "Sikia, mkubwa, inalia safi." Kwenye kamera ndogo nyingi za dijitali mlio huo hautoki kwenye shata hata kidogo. Ni sauti iliyorekodiwa kiwandani, inatoka kwa spika. Ingia kwenye menyu, zima sauti zote, kisha sogeza kamera sikioni upige tena. Shata yenyewe hulia kidogo sana; bodaboda moja ikipita nje husikii kitu.

Wanunuzi wengi huuliza imepiga picha ngapi. Kamera kubwa za Nikon, zile za kubadilisha lenzi, huandika hesabu hiyo ndani ya faili ya picha, na kuna programu za kuisoma. Kamera ndogo nyingi haziandiki, kwa hiyo watu hukimbilia namba ya picha. Namba hiyo ina hila zake. Ikifika 9999 huanza upya 0001, na IMG_0312 yaweza kuwa picha ya 312 au ya 10,311. Folda hupanda kutoka 100 kwenda 101, lakini baadhi ya Canon hufungua folda mpya kila mwezi hata kama umepiga picha mbili tu. Tena mwenye kamera anaweza kuirudisha namba mwanzo kwenye menyu. Mimi namba ndogo hainipunguzii wasiwasi hata chembe.

Afadhali uiangalie shata ikifanya kazi. Ni vipande vyembamba mno vilivyofichwa katikati ya lenzi. Unapobonyeza, sensa huanza kupokea mwanga kwa amri ya umeme, halafu vipande hivyo hujifunga ili picha isomwe gizani. Vikishika uchafu au vikichoka, hukwama. Vikikwama vikiwa vimefunga, picha ni nyeusi ti, na hapo hata mtoto ataona. Balaa ni vinapokwama vikiwa wazi, kwa sababu mwanga huendelea kuingia wakati picha inasomwa. Ndani ya duka lenye balbu moja, ziada hiyo ni ndogo na picha hutoka karibu sawa. Ukiipeleka juani, picha inakuwa nyeupe pe, pengine na michirizi. Kamera mbovu inaweza kabisa kufaulu mtihani wa dukani.

Basi toka nje, saa sita ikiwezekana. Zima flashi, elekeza barabarani palipo na jua, upige picha kumi mfululizo, kisha uzitazame moja moja. Zote zinapaswa kulingana mwanga. Moja ikiwa nyeupe kuliko wenzake, shata imeanza kunata. Iangalie hasa ile ya kwanza, kwa sababu shata inayonata mara nyingi hujifichua baada ya kukaa bila kazi, kisha hulegea ukiendelea kupiga. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto kwa picha kadhaa, izime, mzungumze bei kwanza, ndipo uiwashe tena.

Halafu rekodi video fupi hapo hapo. Wakati wa video vipande hivyo hukaa wazi tu. Video ikiwa safi na picha zikiwa mbovu, ishuku shata. Vyote viwili vikiwa na rangi ya zambarau au mistari, tatizo ni sensa. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba sensa za CCD za Sony, zilizowekwa kwenye kamera za kampuni nyingi miaka ya 2002 hadi 2004, zilikuwa zikiharibika hivyo, hasa penye joto na unyevu.

Tukisema kweli, huku kwetu shata si ya kwanza kufa. Vumbi huitangulia. Lenzi ya zumu inapotoka na kurudi huvuta hewa kama pampu ya baiskeli, na vumbi la kiangazi la barabara za mashambani Trans Nzoia huingia nayo. Bungoma nako kuna Agosti ya miaka shufwa, kama 2022 na 2024, wakati wa tohara ya Wabukusu: wapiga picha huwafuata vijana wanaotahiriwa na umati unaoimba na kurukaruka mchana na usiku, zumu ikitoka na kurudi bila kupumzika. Ukiuziwa kamera Septemba ya mwaka kama huo, ivute zumu hadi mwisho mara kadhaa na usikilize kama inakwaruza.

Kwa kawaida fundi habadilishi shata ya kamera ndogo peke yake. Hubadilisha lenzi nzima, na gharama yake yaweza kushinda bei ya kamera. Picha moja ikikataa juani, usiombe kupunguziwa. Mrudishie mwenyewe kamera yake.